Sura bila jina

Reli ya Tanga–Moshi inapita Same, chini ya Milima ya Upare. Mwaka 1916 jeshi la Lettow-Vorbeck lilirudi nyuma kuifuata, Waingereza wakilisukuma. Ofisa wake mmoja alikuwa mchoraji: Walter von Ruckteschell. Enzi za Hitler aliwachonga askari na wapagazi kwenye michongo mikubwa ya kambi ya jeshi, Hamburg.

Kazi nzuri, sibishi. Ila je, kumchonga mtu vizuri ndiyo kumheshimu? Maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile. Pale ukutani wamebaki sura tu, tena za kumsifia bwana wao. Mimi naona uzuri usiouliza jina haulipi deni, unalifunika. Nasi waandishi wa habari tunaopiga picha za wanyonge, swali hilo linatuhusu.