Urafiki wa Mchangani

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, walinena wahenga; na dhiki waliyoijua ni ile inayobisha hodi bila ya kuitwa: maradhi, msiba, njaa. Hawakuifikiria dhiki inayopangiwa tarehe. Je, watu wanaoitafuta kwa hiari yao, wakatarajia kupata marafiki humo, wanaupata urafiki au kivuli chake?

Mfano ulio karibu na watu wa mwambao uko Oman, nchi yenye familia nyingi zinazozungumza Kiswahili. Zaidi ya kilomita 200 kwa barabara kutoka Maskati, mji wa Bidiya ni mlango wa jangwa la Wahiba: mchanga wa kilomita 180 hivi kutoka kaskazini hadi kusini, uliofinyangwa matuta na upepo wa kusi, upepo ule ule uliokuwa ukiyarudisha majahazi Arabuni. Katika miezi ya baridi, siku za mapumziko, misafara ya magari huingia humo. Aghalabu wasafiri hawajuani: mhandisi, mwalimu, mwenye duka, mgeni aliyewasili juzi kutafuta riziki.

Kabla ya kuiacha lami, wote huinama kutoa upepo matairini, kutoka paundi 35 hivi hadi 15 au 18, ili tairi litandae na gari lisizame. Kisha hupewa sharti: asiende mtu peke yake, na kila dereva amtazame kiooni aliye nyuma yake; akimkosa, asimame.

Mwenye shaka atauliza: msaada unaotolewa kwa sharti una thamani gani? Aliyeshika sepetu kwa kuwa kanuni imemtaka hajathibitisha mapenzi. Hoja hiyo ni nzito. Aristotle, aliyeugawa urafiki mafungu matatu, wa manufaa, wa raha na wa wema, pengine angeutia huu katika mawili ya mwanzo, ambayo hukatika mara manufaa na raha zikwishapo.

Lakini hoja hiyo humtazama mwokoaji tu, ikamsahau aliyekwama. Mjini mwenye shida huificha, akichelea kuitwa mwombaji. Anayetoa hukaa juu, anayepokea chini. Baina yao huzaliwa shukrani, urafiki ni kwa nadra. Mchangani, gari lililozama mpaka ekseli halifichiki. Dereva hushuka mbele ya wageni, hukiri kosa lake, hupokea kamba. Baada ya tuta moja aliyemvuta naye amekwama, na kamba ile ile humrudia. Mkono wa juu na wa chini imebadilishana nafasi kabla ya jua kuchwa, na hapana aliyeona haya.

Hilo ndilo linalopatikana huko: si ushahidi wa uaminifu, bali ruhusa ya kuonekana mhitaji. Ushahidi ungali mbele. Jioni, kwenye lami, matairi hujazwa upepo, sharti hukoma, kila mmoja hushika njia yake. Baada ya wiki tatu mgeni yule akiachishwa kazi, hapana kanuni ya msafara itakayomlazimisha mtu kumtazama kiooni. Atakayemkosa akasimama, huyo ndiye waliyemkusudia wahenga. Na mgeni naye ana wajibu wake, pengine ulio mgumu zaidi: kupiga simu na kusema, "Nimekwama," kama alivyosema mchangani.