Mgao

Neno mgao, kwa mtu wa Dar es Salaam wa rika langu, halianzi na haki. Linaanza na giza. Mwaka 2006, mabwawa yalipokauka, tulijua ratiba ya kukatika umeme kuliko ratiba ya mechi za Simba na Yanga. Mwaka uliofuata nilitakiwa kumweleza bosi wangu nilichokuwa nakifanya na kompyuta zake, na katika kutafuta maneno, lililonijia mdomoni ni hilohilo.

Nilikuwa nasimamia kafe ya intaneti Magomeni. Kompyuta nane, na asubuhi wateja wawili. Sita zimewaka, zinatazamana na ukuta. Nikapakua BOINC, programu iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, inayomwezesha mtu yeyote kuwaazima watafiti muda wa kompyuta yake. Seva yao inakuletea kipande cha hesabu, kompyuta inakikokotoa, inarudisha jibu na kuomba kingine. Nikajiunga na miradi mitatu. SETI@home ulichuja kelele zilizonaswa na darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, kutafuta dalili ya viumbe wenye akili huko angani. Climateprediction.net wa Oxford ulikokotoa hali ya hewa ya dunia. Wa tatu, malariacontrol.net, ulikuwa wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, mjini Basel: uliiga ndani ya kompyuta jamii ya watu wanaoumwa na mbu, wanaougua, wanaopona na kuugua tena, ili ijulikane chandarua au chanjo itapunguza nini. Taasisi hiyo ndiyo iliyofungua maabara ndogo Ifakara miaka ya 1950, basi huu niliuona wa nyumbani. Tena malaria mimi naijua kwa kutetemeka, si kwa kusoma.

Kila mradi una mgao wake, na usipogusa kitu kila mmoja unaandikiwa 100. Wengi hudhani hiyo ni asilimia. Siyo, ni uzito tu, kama mawe ya mizani. Miradi mitatu yenye mia mia, kila mmoja unapata theluthi. Mimi nikaupa wa malaria 200 nikajiona mkarimu. Ukapata nusu, ile miwili ikabaki na robo robo. Ukarimu wangu ulikuwa umetoka kwenye sahani za wengine, na hakuna aliyeulizwa.

Wiki ya pili nikadhani programu imeharibika. Usiku tulifunga, mchana umeme ulikatika, na vipande vya malaria vikasogelea tarehe yao ya mwisho. Kompyuta ikaviacha vyote vingine ikavishika hivyo tu, siku mbili mfululizo. Nusu yangu niliyoipanga iko wapi? Kisha vilipokwisha, ikageuka: Oxford na angani vikala, malaria ikanyimwa kabisa. Nikabadilisha namba, nikazibadilisha tena, nikazidi kuvuruga.

Aliyenifungua macho ni mama yangu, ambaye hakuwahi kushika kompyuta. Alikuwa kijumbe wa upatu wa akina mama kumi na wawili, na daftari lake la mistari lilikaa chini ya godoro. Jioni moja nilimkuta akimpa mtu zamu isiyo yake, kwa sababu mtoto wake alikuwa amelazwa. Mwenye zamu alinuna kidogo, akakubali. Mama akaandika. Mwezi ule mmoja alibeba chungu chote na kumi na mmoja wakaondoka mikono mitupu, na bado kila mmoja aliamini amepata haki yake, kwa kuwa daftari lilikuwepo. Ndivyo kompyuta zangu zilivyokuwa zikifanya. Mwenye dharura anatangulia, anaandikiwa, kisha anangoja. Hazikuahidi usawa wa leo. Katika matoleo ya BOINC ya wakati ule hesabu hiyo iliitwa waziwazi deni.

Matoleo ya baadaye yakaja na jambo ambalo mama asingelikubali. Kazi iliyokwisha kufanyiwa mradi inahesabiwa, lakini uzito wake unafifia: ukiacha mpangilio kama ulivyo, baada ya siku kumi umebaki nusu, na baada ya kumi nyingine nusu ya nusu. Daftari linajifuta lenyewe, taratibu. Mama alikumbuka doti ya khanga aliyomkopesha jirani kabla mimi sijazaliwa. Kati ya madaftari haya mawili nadhani ningependa kudaiwa na la kompyuta na kudai kwa la mama.

Bosi aliposikiliza maelezo yangu yote aliuliza swali moja: "Kijana, hao watu wananunua luku?" Sikuwa na jibu. Kompyuta inayokula wati 100 inamaliza uniti moja kwa saa kumi. Zidisha kwa sita. Nikaifuta programu jioni ileile, na sikumlaumu. Nilikuwa natoa sadaka kwa mkono wa mtu mwingine.

Nyumbani niliirudisha miaka michache baadaye, kwenye kompyuta yangu na kwa luku yangu. Miradi imekuja na kuondoka. Ule wa malaria ulifungwa mwaka 2016. SETI@home uliacha kugawa kazi tarehe 31 Machi 2020. Mradi ukifa, fungu lake halibaki wazi likimsubiri mtu. Waliobaki wanajikuta wameongezewa, na skrini haikuonyeshi pengo lolote. Mpaka mama alipofariki, nilikuwa nampa Jumapili zangu kuanzia baada ya chakula cha mchana mpaka magharibi. Nimejaribu kukumbuka saa zile zilikwenda kwa nani. Siwezi. Zimegawanyika tu, kidogo kazini, kidogo kwenye simu, na Jumapili inaisha kama kawaida.

Kuna mgao mwingine, sifuri. Mtu angefikiri maana yake ni kunyimwa, lakini mradi wenye sifuri haujafukuzwa. Ni wa akiba: unapata kazi pale tu ambapo mingine yote haina cha kutoa na kompyuta imekaa bure. Nimeuweka mradi mmoja hivyo kwa miaka, na jina lake limo kwenye orodha pamoja na mengine.

Mwezi uliopita nilimpigia shangazi yangu, Korogwe, nikiwa ndani ya daladala.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba," akasema. "Leo foleni iko wapi?"