Kazi Iliyoanzwa Ikawachwa, na Hukumu ya Nguo Kuukuu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, ni chache katika pwani yetu nyumba zisizo na sanduku lenye kazi ya sindano iliyoanzwa ikawachwa. Pengine ni kofia ya viua iliyoshonwa nusu. Pengine ni mfarishi uliounganishwa kwa vipande vya leso na kanzu kuukuu, ukapigwa bandi, kisha ukakunjwa, usiguswe tena miaka kumi au ishirini. Mwenyewe akiulizwa hujibu, “Nitaumaliza, inshallah.” Suala letu ni hili: aliyeanza kazi kwa hiari yake, yampasa aimalize? Na ikiwa haimpasi, je, yafaa aiweke vivyo hivyo?

Wazee wetu husema: Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Maneno haya ni mazuri, lakini methali si hukumu. Imamu Abu Hanifa asema ya kuwa mwenye kuanza ibada ya sunna yamlazimu kuitimiza, na akiivunja ailipe. Imamu wetu Shafii asema kuitimiza ni bora wala si lazima, isipokuwa Hija na Umra; kwani imethubutu katika Sahihi ya Muslim ya kuwa Mtume (S.A.W.) siku moja aliamka hali amefunga saumu ya sunna, kisha akaletewa chakula akala. Ikiwa ibada yenyewe ina hiari hiyo, sembuse kofia na mfarishi! Basi mtu asidhani kuwa ana dhambi kwa kule kuiwacha kazi tu. Lakini yako mambo matatu ambayo yakiingia, hiari hiyo hupungua au huondoka kabisa.

La kwanza ni haki ya mwenzio. Fundi aliyepokea kitambaa cha mtu wakapatana ujira hana hiari tena; mapatano ya ijara huwafunga wote wawili, na kitambaa ni amana mkononi mwake. Na vipande vibakiavyo baada ya kukata ni vya mwenye kitambaa, ila awe amemsamehe, au iwe ni ada wanayoijua wote wawili ya kuwa huwachiwa fundi. Mfarishi ulioshonwa kwa vipande vya watu bila ya ridhaa yao, hata ukifuliwa mara saba, maji hayauondolei haramu yake.

La pili ni mali. Nguo ni mali. Katika karne ya 19 marikani ilikuwa ikiletwa Unguja kwa merikebu kutoka Salem, katika Marekani, nako bara ilitumika mahali pa fedha. Na Mtume (S.A.W.) amekataza kupoteza mali. Kitambaa kiliwacho na mende sandukuni kimepotezwa sawasawa na kile kilichotupwa jaani. Tofauti ni kwamba aliyekitupa ajua alilolitenda, na aliyekiweka ajiona mwekevu. Huenda mtu akasema: leo mitumba yaja kwa marobota kutoka Ulaya na Marekani, na nguo ni rahisi, ya nini kuhangaika na viraka? Jawabu ni kuwa urahisi wa bei hauhalalishi upotevu. Wala kiraka si aibu. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia ya kuwa Mtume alikuwa akishona nguo yake mwenyewe nyumbani, na katika Muwatta ya Imamu Malik, Anas asimulia kuwa alimwona Sayyidna Umar, naye ni Amiri wa Waumini, ana viraka vitatu baina ya mabega yake, kimoja juu ya kingine.

La tatu ni mauti. Mtu akifa, kazi yake ya nusu huingia katika tarika pamoja na nyumba na shamba. Zikisha kutolewa gharama za maziko, na madeni, na wasia, kilichobaki ni cha warithi wote. Mjane aukutae mfarishi wa marehemu hawezi kuumaliza akautoa sadaka mpaka warithi wenziwe waridhie. Na wakiwamo watoto wadogo, ridhaa yao haisihi, wala walii wao hana ruhusa ya kuitoa bure mali yao. Basi jambo ambalo marehemu angeweza kulikata kwa neno moja alipokuwa hai, lawa zito kwa mjane na yatima.

Atasema msemaji: “Nia yangu ni kuumaliza, na kila amali ni kwa nia.” Wanazuoni wetu wameieleza nia kuwa ni kukusudia jambo pamoja na kulitenda. Kusudio likitangulia kitendo huitwa azma. Na azma ya miaka ishirini isiyoshonwa hata uzi mmoja, hiyo si azma tena, bali ni tamaa.

Wala mtu asiogope kuifumua kazi akitaja aya ya 92 ya Sura ya Nahli, iliyomtaja mwanamke aliyezifumua nyuzi zake baada ya kuzisokota. Aya hiyo ni mfano wa wavunjao ahadi na viapo. Mwenye kufumua ili atumie vipande mahali pengine hamo ndani yake.

Basi, ndugu yangu, fungua sanduku lako ungali hai. Kilicho cha mwenzio, kirudishe. Kilicho chako, ukiweza kimalize kwa vitambaa ulivyo navyo, msitari mmoja kila usiku baada ya Isha, kwani amali ipendezayo mno kwa Mwenyezi Mungu ni idumuyo, hata ikiwa chache. Usipoweza, mpe atakayeweza. Yako maskini alalaye juu ya mkeka mtupu, na mfarishi wako wa nusu angeumaliza kwa juma moja.

Wabillahi tawfiki.