Risasi ya kulungu, risasi ya mharibifu

Mtu atauliza, na ana haki: sisi tunaokula posho na maharage ya mgao, tena mgao wenyewe unaopungua, mambo ya kuchagua risasi za kuwindia kulungu huko Marekani yanatuhusu nini? Wengi wetu ni mlio wa bunduki uliotuleta hapa Nakivale. Wapo majirani zangu ambao ukilitaja tu neno risasi wananyamaza. Najua hilo. Lakini ndugu zetu waliopanda ndege wako sasa katika majimbo ambako kuwinda ni kitu cha kawaida, kama kuvua ndagala kule Baraka, na wengine wameshasoma kozi, wamepewa leseni, wamenunua bunduki. Mtoto wa baba mdogo yuko North Dakota. Siku moja alinitumia sauti kwenye WhatsApp, yuko dukani mbele ya rafu, anacheka: "Yaya, huku risasi wanachaguaka kama viatu."

Alisema kwa utani, ila mimi sikuweza kuiacha hiyo sentensi. Maana kuchagua risasi ni kusimama dukani, umetulia, hakuna anayekukimbiza, na kuamua kiumbe ambacho wakati huo kiko porini kinakula majani yake kitakufa namna gani. Kwa dakika ngapi. Kwa maumivu kiasi gani. Mtu aliyeshtukizwa na nyoka hana nafasi ya kufikiri hivyo, anapiga na chochote. Mwindaji anayo nafasi, tena wiki nzima.

Tuelewane kwanza juu ya vitu vyenyewe. Kinachouzwa kwenye boksi ni ganda la madini, ndani yake baruti, kwenye kitako fataki, na mbele kile kichwa kinachoruka. Ubishi wote wa wawindaji uko kwenye hicho kichwa. Uzito wake wanaupima kwa kipimo kiitwacho grain, kidogo sana, 7,000 ndiyo ratili moja. Nchi hiyo ina aina nyingi mno za risasi, lakini nitachukua moja inayofaa kwa mazungumzo yetu: .243 Winchester, iliyoanza kuuzwa mwaka 1955. Tundu la mtutu wake ni milimita 6 hivi. Tangu mwanzo walitaka bunduki moja ifanye kazi mbili, kuwinda kulungu na kuua wanyama waharibifu, kwa kubadilisha boksi tu.

Boksi la kwanza lina kichwa cha grain 100, yaani gramu 6 na nusu. Hicho ni cha kulungu. (Si kulungu wa kwetu. Huyu wa kwao, dume huota pembe zenye matawi, zinaanguka kila mwaka na kuota tena, na dume mkubwa wa kule kaskazini anaweza kupita kilo 100.) Gamba lake la shaba ni nene kidogo, ili likigonga ngozi lisipasuke hovyo: ncha inafunguka taratibu kama uyoga, inapanuka karibu mara mbili, huku kitako kinaendelea kusukuma mpaka kwenye mapafu na moyo. Hapo mnyama anakufa kwa sekunde chache, hata kama miguu yake itakimbia kidogo kabla haijajua.

Boksi la pili lina kichwa cha grain 55 au 58, chini ya gramu 4, nyepesi kuliko kijiko cha chai kilichojaa sukari. Gamba ni jembamba sana. Kinaruka kwa kasi kubwa na kikigusa kitu kinasambaratika vipande vipande palepale. Hicho ni cha mharibifu. Kiingereza cha huko kina neno lake, varmint: koyote anayekamata wana-kondoo, au prairie dog, mnyama wa jamii ya kindi, kilo moja hivi, anayetoboa malisho ya ng'ombe kwa mashimo. Kumpiga mnyama mdogo hivyo kwa risasi ya kulungu si busara. Itampita kama msumari, igonge jiwe, iruke kwenda kwenye ng'ombe au nyumba ya mtu. Ile nyepesi inaishia palepale. Hapo sina ugomvi na wenye duka.

Ugomvi unaanza boksi likibadilishwa. Ukimpiga kulungu begani kwa ile nyepesi, inaweza kupasuka kwenye mfupa na nyama ya juu. Linabaki donda kubwa lisilo na kina. Mnyama anakimbia, analala kichakani, na anakufa baada ya siku kadhaa, au anaoza mguu. Wawindaji wa zamani waliliona hilo hata kwa risasi zilizodaiwa kuwa nzuri. John Nosler wa Marekani alimpiga kulungu mkubwa wa kaskazini, yule anayeitwa moose, huko British Columbia mwaka 1946, na risasi zake zikashindwa kufika ndani. Alirudi akatengeneza kichwa chenye ukuta katikati: nusu ya mbele ifunguke, nusu ya nyuma ibaki nzima. Mwaka 1948 akaanza kukiuza, na kinauzwa mpaka leo. Ninampenda mtu wa namna hiyo. Aliona mateso ya mnyama kama kosa la ufundi linalotakiwa kurekebishwa, akakaa chini akarekebisha.

Sasa njoo kwenye jambo lililonishangaza zaidi. Risasi inayofunguka mwilini imekatazwa vitani. Mwaka 1899 mataifa yalikutana The Hague, Uholanzi, yakatoa tamko la kupiga marufuku risasi zinazopanuka au kubonyea kirahisi ndani ya mwili wa mtu. Watu walikuwa wakiziita dum-dum, kwa jina la mahali karibu na Kolkata palipokuwa na kiwanda cha silaha cha Waingereza. Askari hutumia risasi iliyofunikwa shaba mpaka mbele. Lakini ukienda Uingereza kuwinda kulungu, sheria ya mwaka 1991 inasema kinyume: kichwa cha risasi lazima kiwe na ncha laini au ncha yenye tundu, yaani kiwe kinafunguka. Na majimbo mengi ya Marekani yanakataza ile ya kijeshi kwa kulungu. Kinachoitwa ukatili kwa mtu ndicho kinachoitwa huruma kwa mnyama.

Nilidhani ni unafiki. Halafu nikaona mantiki yake. Mtu aliyejeruhiwa ana wenzake wa kumbeba, ana machela, ana daktari. Risasi inayopita moja kwa moja inamwachia nafasi ya kupona. Kulungu hana hospitali. Kwake jeraha la kupita tu ni safari ndefu ya kufa peke yake. Kwa hiyo kwa mtu huruma ni kuacha mlango wazi, na kwa mnyama uliyekwisha kuamua kumuua, huruma ni kuufunga haraka.

Mantiki nzuri, lakini angalieni nani aliachwa nje. Tamko lile la 1899 liliyafunga mataifa yaliyotia sahihi tu, tena yakiwa yanapigana yenyewe kwa yenyewe. Mjumbe wa Uingereza, Jenerali John Ardagh, alitetea risasi zile mkutanoni kwa hoja kwamba askari wa mataifa yaliyostaarabika akipigwa anakubali kuwa ameumia, ila mshenzi hata akitobolewa anaendelea kuja mbele. Mshenzi ni nani? Ni babu zetu na babu za Wahindi. Basi yalikuwepo maboksi mawili ya risasi, na kilichoamua upewe lipi hakikuwa mwili wako, maana miili yote inauma sawasawa. Kilikuwa ni jina lako.

Ndiyo maana hilo neno mharibifu haliniachi. Simfananishi prairie dog na mtu, asinielewe vibaya mtu yeyote. Wala mimi si wa kulilia panya. Nimelima Fizi, najua nguruwe pori na nyani wanavyoweza kumaliza shamba la mihogo kwa usiku mmoja, na anayewahurumia hao kutoka mbali aje alale shambani kwanza. Mkulima ana haki ya kulinda chakula chake. Ninachosema ni kwamba jina linafanya kazi kabla ya bunduki. Mnyama akishaitwa mharibifu, maswali yanakwisha: hakuna anayeuliza amekufa haraka au taratibu, amekufa mmoja au mia, ameliwa au ameachwa juani. Watu wanawapiga prairie dog kutwa nzima kwa mashindano ya shabaha, na wengi hawaokoti hata mmoja. Sisi wa Maziwa Makuu tunajua jina linavyoweza kutangulia. Mwaka 1994 huko Rwanda redio iliwaita watu inyenzi, mende, na kazi ikafuata. Kila nchi yetu ina orodha yake ya majina kama hayo, sitaiandika hapa.

Na jina lenyewe mara nyingi linasema uongo. Kuna mnyama mmoja wa Marekani wa jamii ya kicheche, mwenye miguu myeusi, ambaye chakula chake karibu chote ni prairie dog. Walipowamaliza hao kwa sumu na kulima malisho, naye akapotea. Ilidhaniwa ametoweka duniani mpaka mwaka 1981, mbwa mmoja karibu na Meeteetse, Wyoming, alipoleta mzoga wake nyumbani. Mharibifu wa mfugaji alikuwa mlezi wa mwingine.

Mchinjaji mzuri hapa kambini, awe Mwislamu au Mkristo, ananoa kisu kwa kuku kama anavyonoa kwa ng'ombe. Hasemi huyu ni kuku tu, nitumie kile butu. Kwa Waislamu ni mafundisho kabisa, kunoa vizuri na kumpumzisha mnyama. Hicho ndicho kipimo ninachokiona sahihi hata kwa bunduki: risasi ichaguliwe kwa ukubwa wa mwili na umbali wa mnyama, si kwa heshima ya jina lake. Na hata hiyo nzuri isimpe mtu kiburi. Kwenye mabishano ya wawindaji utakuta anayesema risasi yake inafika mita 400 bila shida. Risasi inafika, sawa. Upepo na mkono wako je? Naogopa kwamba ufundi uliobuniwa kupunguza mateso unageuka ruhusa ya kupiga mbali zaidi.

Hapa msomaji mwenzangu wa kambini atanicheka. Nani kati yetu anachagua? Mwaka 2008 shirika la TRAFFIC lilitoa ripoti juu ya nyama ya porini katika kambi za kaskazini-magharibi mwa Tanzania, na waliopita huko wanakumbuka ilivyopikwa gizani na kuitwa mchicha wa usiku. Ripoti ilisema wazi kwamba mgao haukuwa na nyama. Nyama nyingi ya namna hiyo hutokana na mitego ya waya, na kitanzi cha waya ni kibaya kuliko risasi yoyote niliyoieleza. Mnyama anavuta mpaka asubuhi. Siwezi kumhukumu baba wa watoto sita kwa kipimo kilekile ninachompimia mtu aliyesimama mbele ya rafu yenye maboksi arobaini. Mwenye nafasi ya kuchagua ndiye anayedaiwa.

Na deni lake haliishii kwa mnyama. Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu viwili: risasi ni ile inayotoka mtutuni, na risasi ni yale madini laini, mazito, yenye sumu. Kichwa cha kawaida kina madini hayo ndani ya gamba la shaba, na kikifunguka kinamwaga chembe ndogo kwenye nyama, nyingine hata sentimita 30 kutoka kwenye jeraha. Huzioni, huzisikii mdomoni. Wawindaji wengi wa Marekani huwapa maskini sehemu ya nyama yao, inasagwa, inapelekwa kwenye maghala ya chakula cha msaada. Ni jambo jema, na nimesikia watu wakiishi kwa nyama hiyo majira mazima ya baridi. Mwaka 2008, huko huko North Dakota, daktari mmoja alipiga picha za eksirei pakiti za nyama hiyo akakuta chembe za risasi, na idara ya afya ya jimbo ikayaambia maghala yaitupe. Wapo wawindaji waliokasirika: sisi tumekula miaka yote, nani ameumwa? Lakini madini haya hayasubiri uumwe. Yanaingia kwenye ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Viko vichwa vya shaba tupu (shaba tunaijua, mkoa mzima wa Katanga uliwahi kuitwa Shaba) ambavyo vinafunguka na kubaki karibu na uzito wake wote. Bei yake iko juu. California imelazimisha risasi zisizo na madini hayo kwa uwindaji wote tangu Julai 2019, hasa kwa ajili ya tai wakubwa waitwao kondoo wa angani kwa utani wetu, kondor kwa jina lao, waliokuwa wakila mizoga na kufa kwa sumu. Mwindaji anayekula mwenyewe, akijua, ana uhuru wake. Anayempa mwingine hana uhuru huo, kwa sababu anayepokea hawezi kukataa na hakuwepo dukani. Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa mnalielewa hili kuliko mimi. Gunia la unga tunalopokea lina tarehe, lina uzito, lina orodha ya vilivyomo, hata kama wengi hatuwezi kuisoma. Pakiti ya nyama ya kulungu inapoingia kwenye ghala la msaada inastahili kuandikwa kitu kimoja zaidi: mnyama huyu alipigwa na boksi lipi.