Elimu ya Ndege wa Pangoni

Katika mapango ya chokaa ya Amboni, kusini-mashariki mwa Maramba, mkoani Tanga, watu hupeleka sadaka kwa mizimu. Katika giza kama la mapango hayo, teleka wa Ushelisheli, ndege mdogo jamaa wa teleka wanaoruka juu ya Tanga, hujenga kiota, akitoa sauti za mkato na kusikiliza mwangwi ili ajue ukuta ulipo, kisha akigandisha kwa mate nyuzi za kuvumwani, kiumbe kinachoota juu ya magome, apate kutaga yai moja tu. Je, ujuzi huo asiofundishwa ni elimu? Wanaodai kwamba mjuzi lazima aweze kutoa sababu watakataa, na hoja yao ina uzito, ingawa inawanyima elimu hata mafundi wengi hodari. Uislamu, kwa upande wake, hutambua ilhamu, yaani maarifa ambayo Mungu huyatia moyoni bila mwalimu, na Sura ya An-Nahl humtaja nyuki kuwa amepewa wahyi, yaani ufunuo wa Mungu.