Stelingi Hafi

Katika kibanda cha video cha mtaani kwetu kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyehitaji kuelezwa: stelingi hafi. Gari lingelipuka, ghorofa lingeporomoka, maadui wangemimina risasi mpaka bunduki zipate moto, na sisi kwenye mabenchi tulibaki tumetulia, kwa sababu picha ilikuwa bado na saa nzima mbele. Aliyeshtuka alionekana wa kuja. Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba sheria ile ilikuwa na sehemu ya pili. Stelingi hafi kwa sababu pale hayupo. Anayeanguka ni mtu mwingine.

Mwaka huu nimekuwa nikimfikiria sana huyo mtu mwingine, hasa mmoja wao, Mmarekani aliyeitwa Kitty O'Neil. Alizaliwa Corpus Christi, Texas, mwaka 1946. Alikuwa bado mchanga, wa miezi tu, maradhi yalipompata kwa mkupuo na kumwacha bila uwezo wa kusikia. Mama yake akamfundisha kusoma midomo na kuongea. Akawa hodari wa kuruka majini kutoka kwenye ubao, kisha homa ya uti wa mgongo ikamkatiza, kisha kansa, mara mbili, kabla hajafika miaka thelathini. Wanaosimulia maisha yake hupenda kukaa hapa, kwenye uziwi na vitanda vya hospitali, kwa sababu hapa ndipo machozi yalipo. Mwaka 1979 ilitengenezwa hata filamu ya televisheni kuhusu ushindi wake huo, na mwigizaji Stockard Channing akacheza nafasi yake. Yaani mwanamke aliyeishi kwa kuvaa sura za wengine, yeye naye akavaliwa. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba kutosikia kulimsaidia kukaza mawazo kazini.

Na kazi yenyewe ilikuwa hii. Kati ya 1975 na 1979 televisheni za Marekani zilirusha tamthilia ya Wonder Woman, stelingi akiwa Lynda Carter. Zamani Hollywood, mwigizaji wa kike alipotakiwa kuanguka, mara nyingi alitafutwa mwanamume mwenye umbo dogo, akavishwa wigi na gauni, akaanguka yeye. Kufikia wakati huo wanawake walikuwa wameanza kupigania kuanguka wenyewe. Jeannie Epper ndiye aliyekuwa mbadala mkuu wa Carter, na Kitty, aliyejiunga na kundi la Stunts Unlimited mwaka 1976 akiwa mwanamke wa kwanza, alichukua baadhi ya miruko. Mmoja ulikuwa kutoka juu ya hoteli ya ghorofa 12 huko Sherman Oaks, California. Futi 127, karibu mita 39.

Nimepiga hesabu. Mita 39 ni chini ya sekunde tatu hewani, na unafika chini ukiwa na mwendo wa karibu kilomita 100 kwa saa. Chini kuna godoro kubwa la hewa lenye matundu yanayoachia upepo kwa kipimo, maana likiwa gumu litakurusha nje na likiwa laini utafika sakafuni. Unatakiwa utue kwa mgongo, katikati. Baadaye aliwaambia waandishi wa habari kwamba asingelipata katikati, huenda angekufa. Alikuwa mdogo wa umbo, uzito wake haukufika kilo 50. Alivaa mavazi ya stelingi, nywele za stelingi, akaruka, akatua katikati, akainuka. Ilikuwa rekodi ya wanawake, na baadaye akaivunja mwenyewe kwa kuruka kutoka kwenye helikopta.

Kisha kamera inakata, na aliyesimama pale ni Lynda Carter. Simlaumu Carter, kwa kweli. Picha isingekuwa picha kama mshono ungeonekana. Lakini hebu tazama ajabu ya ufundi huu. Fundi seremala anafurahi ukiisifu meza yake. Huyu, ukimwona tu, ameharibu.

Ukiuliza kama ni haki, jibu lililo tayari ni moja: aliridhia. Hakulazimishwa, alilipwa, tena alipenda. Nalichukua jibu hilo kwa uzito, kwa sababu kumhurumia mtu aliyekuwa akifurahia kazi yake ni namna nyingine ya kutomwona. Na hatari peke yake hainisumbui kama nilivyotarajia. Mvuvi ana hatari, dereva wa lori la masafa ana hatari, na sisi tunakula samaki.

Lakini ridhaa huwa ni ya kitu fulani. Unaridhia mruko huu, kwenye godoro lililopangwa hivi, chini ya watu ambao kazi yao ni kuhakikisha kwamba hesabu imekaa sawa. Julai 2017, huko Georgia, Marekani, John Bernecker, mwenye miaka 33, aliporomoka kutoka kwenye roshani wakati wa kurekodi tamthilia ya The Walking Dead. Kimo kilikuwa kama mita sita na nusu tu. Akakosa godoro kwa nafasi ndogo, akagonga saruji, akafa. Kesi ya familia yake haikugusa kama alikuwa jasiri. Iligusa nani alipaswa kuhakikisha usalama. Mita 39 mtu akainuka, mita sita na nusu mtu akazikwa. Tofauti yake sidhani kama ni ushujaa.

Ila kinachonikosesha usingizi kuhusu Kitty si hoteli. Ni jangwa.

Desemba 1976, katika jangwa la Alvord, Oregon, aliingia kwenye gari la roketi la magurudumu matatu lililoitwa SMI Motivator. Alikuwa ameajiriwa kuvunja rekodi ya mwendo ya wanawake, iliyokuwa kwenye maili 308 kwa saa. Akaifikisha maili 512, yaani kilomita 825 kwa saa, huo ukiwa wastani wa kwenda na kurudi, na inasemwa gari lilikuwa limetumia kama asilimia 60 tu ya nguvu zake. Rekodi ya dunia nzima, ya Gary Gabelich, ilikuwa kilomita 1,000 na ushei. Ilikuwa imeshaonekana kwa macho. Alitaka kuendelea. Akazuiwa. Mkataba ulisema yeye ni wa rekodi ya wanawake, na ile kubwa wadhamini walikuwa wameshaipangia mtu mwingine, Hal Needham, naye mwigizaji wa matukio ya hatari aliyegeuka kuwa mwongozaji wa filamu. Akatolewa kwenye gari. Needham hakuwahi kuiweka rekodi hiyo.

Hapa na mimi nina la kukiri. Nimekuwa nikilipwa kuandika hotuba za mtu mkubwa. Sitamtaja, na hana ubaya wa kutisha. Kuna hotuba moja niliyoiandika kuhusu wasichana wanaoacha shule, ambayo sehemu yake niliitoa kwenye maisha ya dada yangu. Ilipotolewa watu walisimama. Mimi nilikuwa nyuma ya ukumbi, karibu na fundi mitambo, nikila njugu. Jioni yake shangazi akanitumia kipande cha video kwenye simu na ujumbe: "Msikilize huyu mzee, mwanangu, ujifunze maneno." Nilicheka mpaka nikapaliwa. Kweli sikuumia. Nilikuwa nimeridhia, nimelipwa, na mshono haukuonekana.

Kilichoniuma kilikuja miezi mitatu baadaye, nilipotaka kuandika makala kuhusu jambo lilelile kwa jina langu. Nikaambiwa nisubiri kwanza, kwa sababu mkubwa alikuwa na mpango wa kulizungumzia zaidi. Nikasubiri. Hajalizungumzia hadi leo, na makala ile bado iko kwenye kompyuta yangu, haina kichwa.

Sijilinganishi na Kitty O'Neil. Mimi nikikosea huharibu sentensi. Lakini naona pale jangwani kosa lilikuwa la aina nyingine kabisa na kujificha nyuma ya wigi. Kwenye hoteli alimkopesha Carter mwili wake, na mwisho wa siku mwili ukarudi kwake. Jangwani ilionekana kwamba wapo walioona ujasiri wake ni mali ambayo wao ndio wenye kuamua iishie wapi. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hawakusema la kufanya pale ambapo kivuli kimeshaandikiwa jina la mwingine.

Mambo yanabadilika, taratibu. Tuzo za Emmy zilianza kuwatambua waratibu wa miruko mwaka 2002, na waigizaji wake wenyewe mwaka 2021. Oscar imetangaza kwamba itaanza na filamu za mwaka 2027. Kitty hatakuwepo. Aliacha kazi mwaka 1982, baada ya wenzake kupoteza maisha, akaenda kuishi katika mji mdogo wa Eureka, South Dakota, na huko akafariki Novemba 2018 akiwa na miaka 72. Miezi tisa baadaye, Agosti 2019, Jessi Combs alirudi kwenye jangwa lilelile la Alvord, akafikisha maili 522 kwa saa, na akafa katika ajali palepale. Rekodi ambayo Kitty aliambiwa imetosha, akiwa na nguvu nusu na kidogo, ilikuwa imedumu miaka 43.

Jana usiku niliitazama tena Wonder Woman. Siku hizi nikifika kwenye miruko hurudisha nyuma na kuipitisha polepole, nikitafuta mahali pa mshono. Nywele zinafunika uso, mikono imefunguka, mgongo unatangulia. Mwanangu, ambaye ana miaka saba, alikuja akasimama nyuma ya kiti akauliza kama yule dada atakufa. Nikamwambia hapana. Akauliza, anaitwa nani?