Kipimo na Uaminifu

Imeenea miongoni mwa wanafunzi wetu fikra kwamba vizio vya fizikia, yaani mita, kilogramu, sekunde na vinginevyo, ni mambo ya kukariri tu, yasiyohusu utu wala utamaduni. Hudhaniwa kwamba vilitoka ng'ambo vikiwa vimekwisha kamilika, na kwamba havina la kutufundisha juu ya mwenendo mwema. Twaona fikra hiyo si sahihi. Kizio cha kipimo, kabla hakijawa namba, ni mapatano baina ya watu. Na palipo na mapatano hapakosi suala la uaminifu.

Tuanze na lugha yetu. Neno pima, likiwa jina, ni urefu wa mtu anyooshapo mikono yake yote miwili kulia na kushoto. Wazee wa pwani walihesabu shibiri mbili kuwa mkono mmoja, mikono miwili kuwa wari, na mikono minne kuwa pima. Katika nafaka, vibaba vinne vilifanya pishi. Huo ulikuwa utaratibu wenye hesabu yake, wala wenyewe hawakuwa wajinga wa udhaifu wake. Walijua kwamba mkono wa mrefu si sawa na wa mfupi. Walijua pia kwamba chombo kile kile chaweza kutoa vipimo viwili. Ndiyo maana lugha ikatofautisha kibaba cha mfuto, kilichofutwa sawasawa na ukingo, na kibaba cha tele, kilichojazwa hadi kikafanya kilele. Si kwamba mfuto ni haki na tele ni dhuluma. Dhuluma ni kupatana kwa mfuto na kuchukua kwa tele.

Tatizo hilo halikuwa letu peke yetu. Mwaka 1789, wananchi wa Ufaransa walipoandika malalamiko yao ili yafikishwe kwa mfalme, wakulima wengi walilalamika kwamba mabwana wa ardhi walikuza vyombo vya kupokelea kodi ya nafaka. Jina la kipimo lilibaki lile lile, chombo kikapanuka. Basi mita na kilogramu hazikuzaliwa na udadisi wa wataalamu peke yake. Zilizaliwa pia na kilio cha watu waliopunjwa.

Mwaka 1791 wataalamu wa Ufaransa waliamua kwamba kizio cha urefu kisitokane na mwili wa mfalme yeyote, bali na dunia ambayo ni ya wote. Mita ingekuwa sehemu moja katika milioni kumi ya umbali wa kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta. Mwaka uliofuata, Delambre na Méchain walitumwa kupima ardhi kutoka Dunkerque hadi Barcelona. Kazi hiyo ilichukua miaka saba hivi, katikati ya mapinduzi na vita. Huko Barcelona, Méchain alipata vipimo vya nyota visivyoafikiana. Alivirudia, havikuafikiana. Akaona haya, akaificha tofauti ile. Mita ilipotangazwa rasmi mwaka 1799, naye akasifiwa pamoja na mwenzake, siri ilikuwa ingali moyoni mwake. Alirudi kazini Hispania, akafia huko mwaka 1804. Delambre aliigundua siri hiyo alipozisoma daftari za marehemu.

Hapa pana mafunzo mawili. La kwanza, kutoafikiana kwa vipimo hakukuwa aibu, kwa kuwa kila chombo na kila jicho lina mpaka wake. Kosa lilikuwa kuficha. La pili ni zito zaidi. Baadaye ilidhihirika kwamba mita ile ilikuwa fupi kwa takriban sehemu mbili za kumi za milimita, hasa kwa sababu umbo la dunia si lile lililokadiriwa. Je, mita ilitupwa? La. Ilibaki, kwani watu walikuwa wamekwisha patana juu yake. Dunia ilitoa mfano, lakini mapatano ndiyo yaliyoipa mita nguvu.

Hali kadhalika kilogramu. Tangu mwaka 1889 ilikuwa kipande cha madini ya platini na iridi kilichohifadhiwa Sèvres, karibu na Paris. Baada ya miaka mia moja, kipande hicho kililinganishwa na nakala zake, ikaonekana tofauti ya takriban mikrogramu hamsini. Lakini kwa kuwa chenyewe ndicho kilichokuwa kipimo, hakuna aliyeweza kusema kwamba kimekosea. Kama kimepungua, basi ulimwengu wote umezidi! Tangu tarehe 20 Mei 2019 kilogramu imefungamanishwa na kanuni ya maumbile iitwayo namba ya Planck, kama vile mita ilivyofungamanishwa na mwendo wa nuru tangu mwaka 1983. Leo hakuna taifa lenye kilogramu sanduikuni mwake likawazidi wengine kwa hilo.

Je, dhuluma imekwisha? Tutazame magunia ya viazi na vitunguu katika nchi yetu. Gunia hujazwa hadi mdomoni, kisha huongezwa kilele na kushonewa kamba juu yake. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima huvuna tele, hulipwa mfuto. Sheria imeikataza, na mizani zipo. Ila mizani isiyotumiwa haimtetei mtu.

Yamkini mtu atasema kwamba mkulima amekubali mwenyewe, na sisi tumekwisha nena kwamba kipimo ni mapatano. Twajibu kwamba mapatano huhitaji watu wawili ambao kila mmoja aweza kukataa. Mwenye mazao yanayooza kando ya barabara, asiye na ghala wala mnunuzi mwingine, hakupatana, amesalimu amri. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo yachukulia kwamba kibaba kina ukingo. Kibaba kisicho na ukingo hakijai hata kwa jasho la maisha mazima.

Kwa hiyo mwalimu afundishapo vizio asiwafundishe vijana namba peke yake. Mwanafunzi katika maabara, akiona rula yake haikubaliani na jibu la kitabu, hushawishika kuandika lile la kitabu. Aandike alichokiona. Aliyezoea kufuta tofauti ndogo daftarini hatasita kesho kuongeza kilele juu ya gunia la mwenziwe.